Wengi Wape Nini

Penseli ilifungwa kwa uzi, kana kwamba ningeiiba.
Ukumbi wa kanisa ulinuka chai na makoti yaliyolowa,
na nje lori la kabichi lilisimama tuvuke.
Nina miaka mitatu Spalding.
Jirani yangu Bogumila ana kumi na miwili,
mikono yake inaijua kila koliflawa ya wilaya hii.
Alinisindikiza hadi mlangoni, akabaki na mwavuli,
maana mimi nimezaliwa mahali palipowahi kupepea bendera yao
na kwao yeye haikupepea.
Ndiyo sheria. Nimeisoma mara mbili. Haikucheka.

Ndani, swali moja, vijisanduku viwili.
Kubaki au kutoka.
Hapakuwa na mstari wa kuandika: kutoka kwenda wapi,
na tukishatoka, nani atamwogesha jirani wa mzee Thurlby
Jumanne asubuhi, saa moja na nusu?

Mzee Thurlby mwenyewe alikuwa kazi yangu.
Alitia alama yake mezani, majuma mawili kabla,
mkono ukimtetemeka, mimi nikitazama dirishani,
kwa sababu kura ni siri
hata kwa anayekuvalisha soksi.
Kisha akaropoka: "Nimetoka.
Si kwa ajili yako, binti. Ni ile posta waliyoifunga."
Posta!
Hakuna karatasi iliyomuuliza kuhusu posta.
Bahasha niliitumbukiza mimi, kwenye sanduku jekundu la kona.
Jumapili akafa. Alhamisi tukapiga.
Kura yake nadhani ilihesabiwa; nani angeijua aitoe?
Kitukuu chake, Imogen, kapungukiwa mwezi mmoja tu atimize kumi na minane,
atakayekaa na jibu hilo miaka sitini,
aliachiwa kazi ya kuchemsha chai ya msiba.

Lugha yangu inasema kupiga kura
kama kupiga mluzi, kupiga chafya, kupiga mtu.
Na kura, zamani, ni kijiti unachochomoa
bila kutazama, bahati iamue.
Halafu tukaongeza "ya maoni",
na ndani ya maoni kuna kuona.
Sasa mimi niliona nini?
Niliona vipeperushi viwili chini ya mlango,
kimoja kikiniahidi hospitali,
kingine kikinitisha na njaa,
vyote viwili vimechapwa kwenye karatasi nzuri kuliko kitambulisho changu.

Ijumaa redio ikatangaza: wananchi wamesema.
Hamsini na wawili, arobaini na wanane.
Katika kila mia, wawili wangegeuza nia
kwa mvua, kwa mafua, kwa ugomvi na mke,
tungekuwa sare, na redio ingetafuta sentensi nyingine.
Hapa kwetu lakini haikuwa sare. Karibu watatu kwa kila wanne.
Watu walewale wanaonishikia mlango wa duka.

Wengi wape: methali hiyo siipingi.
Nisingependa waamue wachache,
wale ambao waliifunga posta bila kumuuliza mtu.
Ila methali haikusema wape nini,
wala kwa muda gani,
wala kama wengi wa Alhamisi
bado ni wengi Jumatatu, wakisharudi kazini,
wakakuta mstari wa kufungashia mboga una nafasi tisa wazi.

Narudi kwenye mwavuli.
Tulitembea kando ya mto Welland, maji rangi ya chai iliyokosa sukari,
naye hakuniuliza nilichagua lipi.
Aliuliza: "Unafanya nini humo ndani? Unaandika?"
Kioo cha gari la mtu kilikuwa na ukungu.
Nikamchorea kwa kidole: X.
Shuleni kwetu mwalimu akikuwekea hiyo
ujue umekosa.
Bogumila akaitazama mpaka ikaanza kuchuruzika.
"Hiyo tu?"
Hiyo tu.